Kijembe cha Mabapa Matatu: Nani Atakirithi?

Marehemu baba yangu hakuniachia nyumba wala shamba. Aliniachia kijembe. Ni kijembe cha kukunja, chenye mabapa matatu, mpini wake wa mfupa uliogeuka rangi kwa kushikwa miaka mingi, na ubavuni mwake mna shaba inayong'aa pale tu dole gumba la baba lilipozoea kukaa. Alikinunua kwa baharia mmoja bandarini Kilindini kabla mimi sijazaliwa. Kazi yake ilikuwa ya kamba, na kijembe hicho hakikumtoka mfukoni ila alipokwenda kuswali au kulala.

Mwaka jana springi ya bapa kubwa ilivunjika. Bapa likawa linaning'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Nikasema nitatafuta fundi hapa Nairobi. Mji wa watu mamilioni haukosi mtu wa kutia springi. Wasomaji wangu, niliyoyaona katika kumtafuta fundi huyo ndiyo yaliyonifanya niandike leo.

Sisi watu wa pwani neno kijembe tumelizoea zaidi kwa maneno ya mafumbo. Mtu akirushiwa kijembe ukumbini taarabu ikipigwa, hurudi nyumbani akijipapasa asione damu. Lakini kabla ya kuwa neno, kijembe kilikuwa chuma. Na wale tuliosoma chuoni miaka ya sabini tunakijua kwa kazi nyingine kabisa. Mwalimu wetu alikuwa akituchongea kalamu za utete kwa kijembe. Alikata ncha kwa mshazari, akaipasua kidogo katikati ili wino wa masizi upate njia ya kushuka, kisha akaijaribu juu ya ukucha wake. Kalamu ikikwaruza, aliirudia. Hati mbaya, akituambia, si kosa la mkono peke yake. Tazama kwanza kalamu, kisha mtazame aliyeichonga.

Waingereza wenyewe hata leo kisu kidogo cha kukunja hukiita kwa jina la kalamu, maana kilianza kwa kuchonga kalamu za manyoya ya ndege. Kwa hiyo kijembe ni ndugu wa maandishi. Katika Kurani tukufu imo sura iliyoitwa kwa jina la chuma, Al-Hadid, inayotukumbusha kuwa katika chuma mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Imo pia sura ya Kalamu. Kijembe kiko katikati ya hivyo viwili: ni chuma kinachoitumikia kalamu.

Sasa nieleze mabapa yenyewe, kwa sababu vijana wengi wataona ni visu vitatu tu vilivyobanwa pamoja. Bapa kubwa lina ncha. Hilo baba alilitumia kukata vitu vizito, na kuku akihitaji kuchinjwa nalo lilitosha, kwani halikuacha kuwa kali. Bapa la pili lina makali yaliyonyooka kama rula na halina ncha. Mgongo wake umeinama kuufuata ukali. Mafundi wa Uingereza husema limefanana na kwato la kondoo. Mabaharia walilipenda kwa sababu chombo kikiyumba mtu hatajichoma wala hatatoboa tanga. Nalo ndilo la kamba na ngozi. Bapa la tatu ni dogo na jembamba, la kalamu, la kutoa mwiba mguuni mwa mtoto, la kufungulia mshono. Waingereza mtindo huu waliuita kisu cha ng'ombe. Wamarekani nao wana ndugu yake, kisu cha wachungaji, ambacho bapa lake la tatu liliwekwa kwa ajili ya kuhasi ng'ombe.

Kanuni ya baba ilikuwa moja: bapa lisiibiwe kazi. Aliyekata kamba kwa bapa la kalamu alipata kofi. Nami nilipata.

Basi nilianzia soko la Toi, pale ukingoni mwa Kibera, kwenye mitumba na vyuma vikuukuu. Muuzaji mmoja alinionyesha sanduku zima la visu vya kukunja. Vilikuwa vyekundu, vina vifaa kumi na viwili kila kimoja: mkasi, msumeno, kifungulio cha chupa, hata kijiti cha meno. Nilifungua bapa la kimoja nikakatia karatasi. Karatasi ikapindika. Havikuwa vya Uswisi, bali vya kuiga vya Uswisi. Kisu chenyewe cha Uswisi kina historia ya heshima. Karl Elsener alianza kuliuzia jeshi la nchi yake visu vya kukunja mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kisu cha maofisa ambacho springi zake zilifanya kazi pande zote mbili za mpini, hata vifaa sita vikaenea juu ya springi mbili. Hiyo ilikuwa akili ya fundi. Lakini kuiga rangi nyekundu na kuacha chuma ni kama kuvaa kilemba bila ya elimu.

Muuzaji aliponiona nasikitika, alinishika mkono. "Mzee," akaniambia, "wewe nenda Makina baada ya alasiri. Kuna wazee pale wenye ugonjwa kama wako."

Kweli niliwakuta. Wengi wao ni Wanubi, watu ambao walilipa eneo hilo jina lake, Kibra, maana yake msitu kwa lugha yao. Babu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la KAR lililoundwa mwaka 1902, wakapewa mahali hapo pa kukaa baada ya utumishi. Barazani hapo hawakuwepo Wanubi peke yao. Alikuwepo fundi viatu wa Kiluhya aliyejitengenezea kisu cha kazi kwa kipande cha msumeno wa chuma, na dereva mstaafu aliyetoka Kawangware kwa miguu kwa ajili ya mazungumzo tu. Kila mmoja ana kijembe chake mfukoni, na kila mmoja anaamini cha mwenzake ni cha pili kwa uzuri.

Nilitoa cha baba. Kikapita mkono kwa mkono, kimefungwa. Mtume wetu (S.A.W.) alikataza upanga usipokezanwe ukiwa uchi, na wazee wale adabu hiyo wanaijua hata kwa kijembe. Kisha wakaanza kukikagua. Kwanza wanasikiliza: bapa likifunguka lazima springi ipige mlio mmoja mkavu, na likifungwa ipige tena. Mlio mzito ni springi iliyochoka. Pili wanakiinua kwenye mwanga wa jua waone kama kuna mwanya kati ya springi na shaba. Tatu wanapitisha kidole mgongoni, bapa likiwa limefungwa, likiwa nusu, likiwa wazi. Katika hali zote tatu mgongo unatakiwa uwe sawasawa kama ukuta uliopigwa lipu. Kijembe kinachofaulu mara zote tatu hukirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

Mzee mmoja alichomoa kisu cha askari, cheusi, kimefungwa kwa kamba. Kina bapa moja lisilo ncha, kifungulio cha mikebe, na msumari mnene wa kufumulia kamba. Baba yake alikivaa Burma mwaka 1944, vikosi vya Afrika Mashariki vilipopelekwa huko kupigana na Wajapani. Nilimuuliza kama angekiuza. Mjukuu wake, aliyekuwa amesimama nyuma, alijibu kabla yake: kuna watu wa ng'ambo wanaokusanya visu kama hivyo, na wanalipa vizuri. Mzee hakukasirika. Alisema, "Mwandishi, hati ya ardhi ya hapa tulipewa mwaka 2017, ekari 288. Kabla ya hapo, ukiniuliza nani alinileta hapa, ningekuonyesha kisu hiki. Nikiuza, huyu kijana atamwonyesha nani nini?"

Kijana alitazama chini. Sikumlaumu. Karo ya shule hailipwi kwa kumbukumbu.

Springi yangu hapakuwa na wa kuitia. Wazee wakakubaliana kwa sauti moja kwamba mtu ni mmoja tu, naye yuko Kawangware. Nikapanda matatu barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, nikashika barabara ya Naivasha. Nyuma ya stendi ya arobaini na sita, katika kibanda cha mabati kisichozidi kitanda cha mtu mmoja, nilimkuta mzee wa Kikamba mwenye jiliwa, tupa saba na jiko la makaa. Alinikaribisha kwenye debe, akakifungua kijembe, akatabasamu. "Ndugu yangu, huyu ni mgonjwa wa mgongo," akasema. "Viungo vingine vizima."

Nilikaa naye siku mbili, na naomba msomaji anivumilie nieleze alichokifanya, kwa kuwa hapo ndipo ulipo moyo wa maneno yangu. Kijembe cha namna hii hakina kufuli. Kinachoshika bapa lisikufungie vidole ni springi ya mgongoni inayobana mkia wa bapa. Ikiwa laini, bapa linalegea. Ikiwa ngumu kupita kiasi, inakatika kama ilivyokatika ya baba. Mzee alipunguza vichwa vya ribiti kwa tupa, akazisukuma nje, akafungua kijembe chote vipande vipande juu ya gazeti. Kisha akachukua kipande cha springi kuukuu ya gari, akakikata na kukipiga tupa mpaka kikalingana na kile kilichovunjika. Akakitia motoni kikawa chekundu, akakizamisha katika mafuta. "Sasa kimekuwa kigae," akaniambia. "Kikianguka kinavunjika."

Akakisugua mpaka kikang'aa, akakirudisha juu ya moto polepole, akakikodolea macho. Chuma kikipashwa hivyo hubadilika rangi. Kwanza huwa manjano kama majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, kisha samawati. Makali ya kisu yanatakiwa yakomee kwenye manjano. Springi inatakiwa ifike samawati, hapo ndipo inapopata kupinda na kurudi. Ndiyo sababu, akanieleza, vijana wenye mashine za kunolea wanaua visu vya watu. Wanabana bapa kwenye jiwe linalozunguka kwa kasi, cheche zinaruka, mwenye kisu anafurahi. Kumbe makali yameshaungua yakawa samawati, na yakishafika hapo hayashiki tena ukali. Rangi moja: springi huipa uhai, makali huyaua. Ukitaka kisu chako kiishi, kinoe kwa kinoo, jiwe la mkono, kwa maji na subira.

Nilimwona anasogeza uso karibu mno na moto. Nikamwuliza. Akasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza. Fundi ambaye elimu yake yote iko katika kutambua manjano na samawati, macho yanamfungia mlango. Nilimwuliza ana wanafunzi wangapi. Akacheka. "Hakuna. Vijana wanataka kuchomelea mageti. Geti linalipwa leo."

Msomaji atasema: haya ni mambo ya wazee wachache na vyuma vyao vikuukuu, tuna mambo makubwa zaidi. Nakubali yapo makubwa. Lakini tazama vizuri jambo lenyewe. Mji wa Sheffield huko Uingereza, ambako kijembe cha baba kilitoka, ulikuwa na chama cha mafundi visu tangu mwaka 1624. Mwaka 1682 nyumba ya Rodgers ilipewa alama yake ya nyota na msalaba, na mwaka 1822 ikatengeneza kisu kimoja chenye mabapa 1,822 kuonyesha ufundi wake. Visu vya mji huo vilienea duniani na bandarini kwetu vilifika. Walakini mmoja wa mafundi wa mwisho wa kizazi cha zamani, Stan Shaw, aliyeweza kutengeneza kijembe tangu mwanzo hadi mwisho kwa mkono wake, alifariki mwaka 2021, akiwa amepita miaka tisini. Ikiwa mji wenye karne nne za ufundi unahesabu mafundi wake kwa vidole, sisi tusidhani wa kwetu watabaki kwa miujiza.

Na sisi tuna sababu ya kufanya zaidi ya kuhifadhi. Kibera ina karakana zinazochonga mifupa na pembe za ng'ombe zikafanya shanga, vipuli na vijiko. Karakana hizohizo huyeyusha shaba ya makufuli na mabomba ya zamani. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali na Kawangware, na mfupa haukosekani. Wahunzi wa jua kali kila siku wanageuza springi za magari kuwa mapanga na majembe. Hebu hesabu: mfupa wa mpini upo, shaba ya ubavu ipo, chuma cha mabapa kipo. Vitu vyote vya kutengeneza kijembe cha mabapa matatu vimezunguka mitaa miwili hii. Kinachokosekana ni elimu ya springi, nayo imo kichwani mwa mzee mmoja ambaye macho yake yanazimika.

Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipokuja Kenya, uliishauri serikali isiwatazame mafundi wadogo kama uchafu wa mji bali kama nguvu ya uchumi. Tangu hapo maneno mazuri juu ya jua kali yamesemwa na kila kiongozi. Mimi nasema vyuo vya ufundi vya Nairobi vifanye jambo moja dogo: vimwite mzee kama huyu afundishe miezi michache, alipwe kama mwalimu, vijana wanne watano washike tupa mbele yake. Na karakana za mifupa zisingoje vyuo. Zinajua soko, watalii wananunua kijiko cha mfupa, hawatakataa kijembe kizuri.

Kuna watakaoniuliza: je, unataka kuwapa vijana wa Nairobi visu? Swali hili ni la haki, na sitalikimbia. Tumeona damu katika mitaa hii mwaka 2008, na mama aliyezika mtoto hataki kusikia sifa za kisu. Tena sheria yetu inamkataza mtu kubeba silaha hadharani bila ya sababu halali, na sheria iheshimiwe. Lakini mwenye nia ya kudhuru hatafuti kijembe cha vidole vitatu kisicho na kufuli, kitakachomfungia mkono wake mwenyewe. Kisu cha jikoni kinamtosha. Kijembe cha kukunja hubeba ala yake ndani yake. Anayefundishwa kukifungua hufundishwa kwanza kukifunga, na anayekaa wiki nzima akipiga tupa ili bapa moja lilie vizuri amejifunza subira ambayo mtaani haiuzwi. Mtume (S.A.W.) alipotuamrisha kufanya wema katika kila kitu, alituagiza hata mchinjaji anoe kisu chake ili mnyama asiteseke. Katika dini yetu, ukali wa kisu umewekewa huruma.

Siku ya pili jioni mzee alizirudisha ribiti, akazigonga kwa nyundo ndogo, akatia tone la mafuta. Akanipa kijembe kimefungwa. Nikafungua bapa kubwa. Kililia ule mlio ambao nilikuwa nikiusikia utotoni baba akirudi jioni, kabla hata hajabisha hodi.

Nilimwuliza bei. Akataja fedha ndogo kuliko nauli zangu za siku mbili. Nilipoongeza, alirudisha ziada. "Kama unataka kunilipa," akasema, "niletee kijana mmoja. Asiwe mwerevu sana. Awe na macho na awe anakaa."

Mpaka ninapoandika maneno haya sijampelekea. Wangu mwenyewe nimemwambia, amesema ana mtihani. Nimemwuliza mjukuu wa mzee wa Makina, akasema atafikiri. Basi nimeona niulize hapa, mbele ya wasomaji wote, huenda katika nyumba yenu yumo. Nami naacha beti moja, kama ilivyo desturi yetu:

Kijembe cha mfukoni, kwa mkono hukunjuka,
Kisikae kabatini, makali yakafutika,
Wafundishwe mitaani, vijana wapate shika,
Chuma kikipata kutu, ni mkono umelala.